Deiwaka wa saa nane mchana

Mzee mmoja ninayekunywa naye kahawa hapa Kihonda, Morogoro, ameshikilia kuwa leseni ya bodaboda isitolewe mpaka mtu afikishe miaka 21. Wa miaka 18, anasema, bado mtoto. Nimemsikiliza, na kwa heshima zote nimemkatalia.

Nina pikipiki mbili, Boxer na TVS, nimewapa vijana kwa mkataba: kila jioni hesabu 10,000, mkataba ukiisha pikipiki inakuwa yake. Anayeendesha Boxer ni mtu mzima, leseni anayo, helmeti anavaa. Shida inaanza saa nane mchana. Jua linawaka, anataka kula na kujinyoosha, ila hesabu haipumziki. Basi anamwachia deiwaka, yaani kijana wa kumshikia pikipiki kwa muda.

Deiwaka wake nilikutana naye Msamvu. Nilichokitambua kwanza ni Boxer yangu, ina stika ya bluu kwenye tenki, ndipo nikamtazama aliyeikalia. Mguu mmoja unagusa lami kwa ncha ya ndala, mwingine unaning'inia. Nyuma kapakia mama na watoto wawili wenye sare, mishikaki kamili. Nikamsimamisha.

"Shikamoo baba. Kaka kapumzika kidogo, namshikia."

Una miaka mingapi? "Kumi na sita." Nadhani hapo kajiongezea miwili. Adabu anayo, siwezi kumnyima hilo.

Sasa huyu ukipandisha umri mpaka 21 umemzuia nini? Leseni hana, chuo cha udereva hajakanyaga. Leseni yenyewe inalipiwa, na ada ya chuo bado. Ukisogeza umri, wa miaka 19 na 20 nao watajiunga na kundi la kukimbia trafiki.

Mimi ningebana kwingine. Dereva wa basi hapewi daraja C akiwa ndiyo kwanza ametoka chuoni, lazima awe ameshaendesha magari mengine kwa muda. Kwa nini wa boda abebe roho za watu kuanzia asubuhi yake ya kwanza? Na deiwaka asiye na leseni akikamatwa, faini inifuate mimi mwenye kadi. Wenzangu wenye pikipiki watanichukia kwa hili, wacha wanichukie.

Mkataba wa Boxer nimeuandika upya: hakuna deiwaka. Kijana wangu aliusoma mara mbili, kalamu mkononi, akauliza hesabu ya mchana ataitoa wapi. Tumekubaliana 8,000.