Nyumba yangu, kiwanja cha kukodi

Nilipowaambia watu wa nyumbani Mombasa kwamba nanunua nyumba Australia kwenye ardhi ya kukodi, dadangu mkubwa alipiga simu usiku huohuo. "Mdogo wangu, umesahau Majengo?" Sijasahau. Kule, mtaani kwetu Mombasa, nyumba ya bibi ilikuwa yake, ardhi ya mtu mwingine, na mpokeaji kodi akija mlangoni hakukuwa na cha kujadili. Hofu ya dada niliielewa. Walioniudhi ni wenzangu niliofanya nao uuguzi Sydney, waliosema nitatupwa nje uzeeni na hata ukurasa mmoja wa mkataba hawajausoma.

Mimi niliusoma. Hapa jimbo la New South Wales, vijiji hivi ambamo nyumba ni yako na kiwanja unakodi vina sheria yake ya mwaka 2013. Kabla hujasaini, mwendeshaji wa kijiji, yaani anayekukodisha kiwanja, lazima akupe taarifa ya maandishi ya gharama na masharti, na uwe nayo angalau siku 14. Ukishasaini, una siku 14 nyingine za kujitoa. Hawezi kukuondoa kwa sababu tu amekuchoka, na kijiji kikifungwa ni notisi ya miezi 12 na fidia. Bibi hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Ushuru wa stempu sikulipa kwa kuwa ardhi sikununua, na kwa vile napokea pensheni ya uzee, Centrelink, ofisi ya serikali inayolipa pensheni, hunichangia kodi ya kiwanja. Flati yangu ya Sydney niliiuza, nikanunua nyumba ya vyumba viwili na kibaraza huku Central Coast, kaskazini mwa Sydney, na akiba nzuri ikabaki.

Watu huangalia jikoni na bwawa la kuogelea. Tafadhali angalia kwanza kodi inapanda vipi: kwa kanuni iliyoandikwa mkatabani, au kwa notisi. Yangu ni ya notisi, tena si zaidi ya mara moja kwa mwaka, na lazima ieleze sababu.

Basi ikaja notisi ya ongezeko kubwa, sababu yenyewe mistari miwili. Jirani mmoja akashauri kila mtu amwandikie meneja barua yake. Tukaandika. Kila mmoja akajibiwa kwa upole, peke yake, na ongezeko likabaki vilevile. Huo ndio ushauri mbaya kuliko yote niliyopewa hapa! Sheria inataka angalau asilimia 25 ya wenye nyumba waliopata notisi wapinge ndani ya siku 30, ndipo muombe upatanishi. Barua za mmoja mmoja zilitupotezea muda.

Basi ikabidi nikusanye saini za majirani. Ukumbini hawaji, na mchana ukibisha hodi wako kwa daktari au kwa wajukuu. Lakini jioni ya mapipa hakuna anayekosa, maana lori la taka hupita alfajiri na kila mtu hulisukuma pipa lake hadi barabarani. Nikakaanga mahamri ya iliki, nikabeba karatasi na kalamu, nikaanza mtaa wa mwisho. Mtu ameshika pipa, hana pa kukimbilia, na harufu ya mahamri iko puani. Mzee aliyekuwa hajanisalimia tangu nihamie alisaini, akamwita na mkewe, kisha akatembea nami mtaa mzima akiwaita watu kwa majina. Kabla taa za barabarani hazijawaka tulikuwa tumevuka robo mbali sana.

Mbele ya mpatanishi mwendeshaji alitakiwa aeleze gharama zake moja baada ya nyingine, na ongezeko likashuka karibu nusu. Tusingeelewana, tungekwenda NCAT, baraza la jimbo linaloamua migogoro kama hii, na mafaili yangu yalikuwa tayari.

Dada bado ananiuliza, "Hawajakufukuza?" Namtumia picha za mchicha wangu.

Halafu, ukiletewa mkataba wa kodi nafuu ambao siku ya kuuza nyumba mwendeshaji anachukua sehemu ya faida, usisaini kwa haraka. Una haki ya kupewa mkataba wa kodi ya kawaida ya soko. Uombe, uiweke mikataba yote miwili mezani, upige hesabu ya miaka kumi.