Siku ya Tisa

Machi 2021, juma lile Nairobi na kaunti nyingine nne zilipofungwa kwa sababu ya korona, Baba alikuwa na siku ya tisa tangu aanze kukohoa. Homa ilishashuka, hata uji aliuomba mwenyewe. Usiku huohuo pumzi ikambana. Kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni damuni kikasoma asilimia 82. Kafyu ilikuwa imeshaingia. Kizuizini, polisi alimmulika Baba usoni kwa tochi, akatupisha bila neno.

Hospitalini daktari kijana aliagiza oksijeni na deksamethasoni, miligramu 6 kwa siku. Nilijua dawa hiyo hushusha kinga. Nikamfuata ujiani: "Daktari, mzee yuko vitani, nanyi mnamnyang'anya silaha?"

Hakukasirika. Aliketi nami kwenye benchi. "Kaka, kwa sasa kinachomuumiza zaidi si virusi. Ni kinga yake mwenyewe, inaunguza mapafu. Lazima tuipoze." Akanieleza jaribio la Uingereza lililotangazwa Juni 2020: kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, dawa hiyo ya bei rahisi ilipunguza vifo kwa thuluthi moja, kwa waliopewa oksijeni tu, kwa moja ya tano. Wasiohitaji oksijeni haikuwafaa kitu.

Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau. Kuna watu ambao miili yao hutengeneza kingamwili, yaani silaha za kinga, dhidi ya intaferoni, protini ya mwili wenyewe inayopiga mbiu ya mgambo virusi vinapoingia. Mbiu isiposikika, virusi huzaana kimyakimya, na kinga ikija kuzinduka huja kwa fujo. Watafiti walizikuta kingamwili hizo kwa angalau mgonjwa 1 kati ya 10 wa korona mahututi, karibu wote wanaume, wengi wenye umri mkubwa. Baadhi yao walikuwa nazo damuni hata kabla ya kuugua.

Baba hakupimwa kingamwili hizo. Lakini nilitoka nje nikampigia Mama, maana tangu jioni alikuwa akirudia kwamba kosa ni lake, hakumfukiza vya kutosha, tangawizi ilikuwa kidogo. Nilimweleza yote, mbiu na fujo yake. Akanyamaza sana.

"Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe, Mama."

Nikamsikia akilia, kwa mara ya kwanza tangu Baba augue.

Baba alirudi nyumbani baada ya wiki mbili. Kutoka getini hadi mlangoni alipumzika mara tatu, na mara zote Mama alisimama naye.