Siku moja maishani mwangu: fundi wa turbo

Saa 2 asubuhi

Gari la kwanza nalisikia kabla sijaliona. Kila mara dereva akiachia mafuta, chini ya boneti inatoka "stu-tu-tu-tu-tu". Mwenyewe anashuka akitabasamu, maana mlio huo ameutafuta: ameiziba vali ya blo-ofu, ile inayotoa hewa iliyoshindiliwa dereva anapoachia mafuta, kwa kipande cha bati, kisha anauita "mlio wa westigeti". Namuuliza swali ninalomuuliza kila anayeniletea mlio: ukiusikia, mguu wako unakuwa wapi?

"Nikiachia tu, fundi. Nikikanyaga, kimya."

Hapo nimeshajua pa kuanzia. Kwanza, westigeti haihusiki kabisa. Ile iko upande wa ekzosi, kazi yake ni kupunguza moshi unaozungusha turbo, kifaa kinachoshindilia hewa kwenye injini, ili presha isipite kiwango. Anachosikia yeye kinatokea upande wa hewa safi. Unapoachia mafuta, kipepeo cha throto, mlango wa hewa wa injini, kinafunga, lakini pangaboi la kompresa, upande wa turbo unaoshindilia hewa, bado linazunguka kwa kasi inayoweza kuvuka mizunguko 100,000 kwa dakika. Hewa iliyoshindiliwa kwenye paipu inagonga mlango uliofungwa, haina pa kwenda, inarudi kinyume kupitia mapanga. Presha ikishuka kidogo pangaboi linaikamata tena, linaisukuma, nayo inarudi tena. Kila kurudi kumoja ni "tu" moja. Hiyo ndiyo sarji ya kompresa.

Je, turbo inakufa? Kwa turbo ndogo ya kiwandani yenye presha ya wastani, sarji ya kuachia mafuta hupita upesi kwa sababu mzigo umeshaondoka. Wanaosema turbo itapasuka kesho wanatia chumvi. Ila kila mrudio unaitikisa shafti mbele na nyuma, na anayeupokea mtikiso huo ni beringi ya thrasti, inayozuia shafti isisogee mbele na nyuma. Turbo nayo inapoteza kasi, kwa hiyo ukikanyaga tena unasubiri presha ijengeke upya. Mimi nimemshauri aondoe bati. Amekubali shingo upande.

Saa 4

Dada mmoja kaja na tatizo la kinyume. Gari lake lina vali inayotoa hewa nje, "pshhh" safi kabisa, lakini akikaribia kusimama injini inazima, na akibadilisha gia ekzosi inatema moshi mweusi. Nafungua boneti, naiona sensa ya kupima hewa mara tu baada ya chujio. Shida iko hapo. Hewa inayotupwa nje imeshahesabiwa na sensa, kompyuta imeshaipangia mafuta yake, halafu haifiki kwenye silinda. Mafuta yanazidi na injini inabanwa.

Gari linalohesabu hewa kwa presha ya manifoldi, paipu zinazogawa hewa kwenye silinda, halina usumbufu huu. Lake si la aina hiyo, kwa hiyo namrudishia vali ya mzunguko, inayorudisha hewa kwenye paipu ya kuingilia, baada ya sensa na kabla ya kompresa. Mlio utapungua sana. Anasema: "Afadhali lisinizimikie njiani, fundi."

Saa 6 mchana

Narudi kwa gari la asubuhi. Vali aliyoiziba naipima kabla ya kuirudisha, maana huenda ilikuwa na ugonjwa wake. Nachomeka pampu ya mkono ya kuvuta hewa kwenye chuchu ya juu, navuta hadi mshale unakaribia 0.6 bar chini ya hewa ya kawaida, mvuto ambao injini nzima huutoa ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa. Vali inafunguka, vizuri. Kisha naangalia mshale tu. Unaanza kushuka polepole, hausimami. Kiwambo cha mpira ndani kimechanika. Vali ya namna hii huvujisha presha wakati unaihitaji, na inachelewa kufunguka unapoachia. Inabadilishwa.

Saa 7

Chakula, na simu. Mwenye pikapu ya dizeli anataka afungiwe blo-ofu. Namwambia ukweli: dizeli nguvu yake inatawaliwa na kiasi cha mafuta. Hata zile zenye kipepeo hazikitumii kupunguza mwendo kama petroli inavyofanya. Akiachia, hakuna mlango unaofungwa mbele ya hewa, hivyo blo-ofu haina kazi.

Saa 9 alasiri

Hili ndilo gari lililokuwa linanikosesha raha tangu lilipopigiwa simu. Injini ya lita 2, turbo kubwa ya kufungwa baadaye, na mlio unatoka *mguu ukiwa umekanyaga*. Tunatoka na kijana ninayemfundisha, yeye ameshika kompyuta. Gia ya nne, mizunguko 2,500, nakanyaga hadi chini. Gari linaanza kusitasita, "chu-chu-chu-chu", na mstari wa presha kwenye skrini unakuwa kama meno ya msumeno. Naachia mara moja.

Tukirudi namchorea kijana ramani ya kompresa. Wima ni uwiano wa presha, mlalo ni kiasi cha hewa inayopita, na kushoto kuna mstari wa sarji, mpaka ambao ukiuvuka hewa huanza kurudi nyuma. Injini ya lita 2 yenye pigo nne humeza kama lita 1 kwa kila mzunguko: takribani lita 2,500 kwa dakika kwenye mizunguko 2,500, na lita 6,000 kwenye 6,000. Turbo hii inajaribu kutoa 1.2 bar juu ya hewa ya kawaida, yaani uwiano wa 2.2, wakati injini bado inameza kidogo. Tumevuka mstari kwenda kushoto. Vali ya blo-ofu haisaidii hapa, kwa sababu throto iko wazi na vali inatakiwa iwe imefunga. Na hapa mzigo haupiti, unaendelea kadiri unavyokanyaga. Hii ndiyo sarji inayoua beringi.

Nafungua paipu ya kuingilia, nashika ncha ya shafti. Kuyumba kidogo kwa pembeni ni kawaida, ni nafasi ya oili. Navuta na kusukuma: haichezi. Mapanga hayana alama ya kugusa nyumba. Turbo bado nzima, nimeshusha pumzi.

Saa 11 jioni

Mwenye gari ana njia tatu: kompresa ndogo, nyumba ya kompresa yenye mifereji ya kupunguza sarji, au kupunguza presha mizunguko ikiwa chini. Tunaanza na ya tatu, haihitaji kifaa kipya. Nashusha presha hadi 0.6 bar injini ikiwa haijafika mizunguko 3,500, kisha naipandisha taratibu.

Saa 12

Njia ileile, gia ileile. Mstari unapanda bila meno, na mlio hakuna. Mwenyewe anauliza kama limepoteza nguvu. Namwambia chini kidogo ndiyo, juu hakuna kilichopungua, na asikanyage hadi mwisho kwenye gia kubwa injini ikiwa chini. Ateremshe gia kwanza. Akirudi wiki ijayo kumwaga oili tutapima shafti tena.