Umeme Lazima Urudi: Siku Yangu Moja Thieta

Saa 11:00 alfajiri. Baridi ya Julai hapa Moshi inaingia mpaka kwenye mifupa. Namwandalia binti yangu uji, nakunywa chai ya tangawizi, napanda bajaji kutoka Pasua.

Saa 1:15. Kabla mgonjwa hajaingia, naiwasha mashine ya dayathemi, inayokata nyama na kukausha damu kwa umeme, na kukagua waya kwa vidole, inchi kwa inchi, nikitafuta mpasuko. Mimi ni muuguzi wa thieta, chumba cha upasuaji, mwaka wa 14 sasa. Leo simkabidhi daktari vifaa, nazunguka chumba, kwa hiyo mashine na bamba la mgonjwa viko juu yangu.

Watu wengi wakisikia koteri, yaani kuchoma nyama kwa tiba, wanawaza chuma cha moto. Ipo ya namna hiyo: kliniki ya akina mama, mabadiliko ya awali yanayoweza kuwa saratani ya shingo ya kizazi huchomwa kwa ncha yenye nyuzi joto 100, sekunde 20 hadi 30, na mama anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Dayathemi ni kitu kingine. Umeme wa majumbani hutetema mara 50 kwa sekunde, nao hukamata misuli na moyo. Huu wetu hutetema zaidi ya mara 300,000, kasi ambayo misuli haiwahi kuuitikia. Ukibanwa kwenye ncha nyembamba ya kalamu ya mashine, anayoishika daktari, nyama yenyewe inapata joto, inakatika au damu inakauka. Kisha umeme unapita mwilini hadi kwenye bamba pana lililobandikwa pajani, na kurudi kwenye mashine. Upana ule ndio unaomwokoa mgonjwa. Bamba likibanduka nusu, umeme wote unabanana kwenye kipande kilichobaki.

Nililiona hilo nikiwa mwanafunzi, hospitali nyingine. Mama aliamka kutoka nusu kaputi, mshono wake tumboni safi kabisa, pajani ana kidonda cha kuungua. Akaniuliza, "Sista, huku nako mmenifanya nini?" Sikuwa na la kumjibu. Mpaka leo nikibandika bamba nalipitishia kiganja kingo zote nne.

Saa 2:30. Ngiri, kijana wa miaka 20. Daktari amempaka dawa yenye spiriti na mkono tayari uko kwenye kalamu. "Daktari, dakika 3 bado, spiriti haijakauka." Anasubiri. Mvuke wa spiriti, oksijeni na cheche vikikutana, shuka linawaka mgonjwa akiwa chini yake, kwa hiyo dakika 3 hizo simpunguzii mtu.

Saa 4:40. Goita, uvimbe wa tezi ya shingoni, mwalimu wa msingi kutoka Marangu. Mshipa wa fahamu wa sauti unapita nyuma ya tezi, mwembamba kama uzi, na mwalimu bila sauti atafundishaje? Karibu na hapo daktari anaweka kalamu chini na kuomba koleo la ncha mbili. Umeme unatoka ncha moja na kurudi kwa nyingine, haupiti mwilini, na bamba halihusiki. Anabana, tone la maji, mvuke kidogo, anaachia. Ninashika saksheni, mrija wa kufyonza, karibu, maana moshi ule una kemikali na chembe ambazo mapafu yetu hayazihitaji.

Saa 7:00. Mtori, haraka. Mwanafunzi ananiuliza mashine hii ilianza wapi. Namwambia: Boston, Oktoba 1, 1926. Daktari Harvey Cushing alirudi kwa mgonjwa mwenye uvimbe kichwani, ambaye siku chache kabla alishindwa kummaliza kwa sababu ya damu. Safari hii alikuwa na mashine ya William Bovie, na uvimbe ukatoka.

Saa 8:00. Mzee wa tezi dume. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu." Namuuliza kama ana chuma mwilini. Anasema hana. Namuuliza kwa namna nyingine: umewahi kuvunjika? "Aa, bodaboda ilinigonga, wakanifunga vyuma mguu huu." Wa kulia. Bamba linakwenda paja la kushoto, penye nyama, nimenyoa na kukausha.

Amechomwa ganzi ya mgongoni, yuko macho. Kitanzi cha waya kinachonga tezi kutoka ndani ya njia ya mkojo, chini ya maji ya glaisini, kwa kuwa kwa mashine yetu maji ya chumvi yangesambaza umeme. Maji haya yakiingia kwa wingi kwenye damu, chumvi ya mwili inashuka na mgonjwa anachanganyikiwa. Ndiyo maana daktari hataki kuvuka saa moja, na mimi nazungumza na mzee muda wote: kahawa, wajukuu, bei ya ndizi Kiboriloni. Majibu yake yananyooka. Dakika ya 48 daktari anatoa kitanzi.

Saa 10:15. Nabandua bamba polepole, nikishikilia ngozi kwa mkono wa pili, kisha nasogeza taa. Naandika kwenye faili: paja la kushoto, ngozi safi.

Kabla ya kuondoka napita wodini. Mwalimu wa Marangu amefungwa shingo, macho mazito. Namwambia aseme jina lake. Analisema, taratibu, na kila herufi naisikia.