Dubai hadi Guangzhou: siku iliyonikimbia

Jamani, juzi nimetoka Dubai kwenda Guangzhou kufuata mzigo, na bado nawaza lile jua. Ni kama kilomita 5,800, saa saba hivi angani bila kutua popote. Tuliruka saa nne asubuhi. Desemba hii mchana ni mfupi, na ndege inaelekea mashariki, yaani unalipa jua kisogo. Saa yangu ya mkononi inasema saa tisa na nusu alasiri, nje ya dirisha magharibi imeingia! Nilishika tasbihi nikanyamaza kabisa.

Tumetua Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou, saa tatu usiku, kwa sababu China iko mbele ya Dubai kwa saa nne. Mpaka nafika Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wengi Waafrika mjini humo, mwili unataka chai ya jioni na mtaa unafunga milango.

Kurudi ni karibu saa nane, maana upepo mkali wa juu huvuma kutoka magharibi na ndege inapambana nao. Lakini zile saa nne unarudishiwa: unaondoka saa sita usiku, unafika Dubai saa kumi alfajiri. Mnaokwenda mara ya kwanza, msipange kuonana na muuzaji usiku ule ule. Laleni kwanza.