Vile nilijifunza kukataa chai Kisumu bila kukosana na watu

Kwanza mjue mimi ni mtoto wa chai. Kwetu ni Vihiga, nyuma ya nyumba ni majani chai mpaka kwa mto, na nikiwa shule ya msingi nilikuwa nachuma kabla ya kengele, majani mawili na chipukizi, kikapu mgongoni, umande umenilowesha mpaka kiunoni. Karo yangu ya sekondari ililipwa na bonasi ya chai. Kwa hivyo siku nilimpigia mama kumwambia nimebatizwa huko Nakuru kwa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lile watu huliita la Wamormoni, ambalo watu wake hawanywi chai, alinyamaza hadi nikadhani kredo imeisha, alafu akaniuliza, "Na hiyo karo ungetaka ningelipa na nini?"

Sikuwa na jibu.

Nakuru nilikuwa nimeenda kukaa na mjomba baada ya kidato cha nne, nikifanya kazi ya mjengo, na ndio nikakutana na wale vijana wa mashati meupe na tai wanaotembea wawili wawili. Vile niliamini ni stori ndefu, leo siingii huko, niliomba nikajibiwa na sijawahi kujuta. Ukibatizwa ukiwa mtu mzima unakaa kwanza kama mwaka mmoja ndio uombe kwenda misheni, nikangoja, barua ikaja, miezi 24, na nikatumwa hapa hapa Kenya, eneo langu la kwanza likawa Kisumu. Beji yangu kifuani iliandikwa Mzee na jina la ukoo, ndivyo wamisionari wa kiume wanaitwa, na nilikuwa na miaka 20. Hebu fikiria kubisha mlango Manyatta ukijiita Mzee na ndevu zenyewe hazijatoka.

Ratiba watu huniuliza sana. Unaamka saa kumi na mbili na nusu, mazoezi, maombi, unasoma maandiko peke yako alafu na mwenza wako, yaani mmisionari mwenzako mliyepangiwa pamoja, alafu mnatoka. Saa tatu usiku mko ndani, saa nne na nusu taa imezimwa. Mwenza hamuachani, hata kwenda dukani ni wawili. Kuogelea hakuna, na ziwa liko pale tu linakuangalia. Jumatatu ndio siku ya maandalizi, kufua, kunyoa, kununua vitu soko la Kibuye, kupigia familia simu. Hayo yote nilizoea haraka kuliko nilivyotarajia, jua la Kisumu na tai shingoni ndio lilichukua muda kidogo. Kitu kilitaka kunishinda ni chai.

Mtu ambaye hajakaa huku Western na Nyanza anaweza kuona ni jambo dogo. Huku mgeni akiingia kwa nyumba chai haiulizwi, inawekwa. Na ukikataa chakula cha mtu hausemi umeshiba, unasema mwenye nyumba ni mchawi. Hakuna mtu atakuambia hivyo usoni lakini ndivyo inaskika. Sasa sisi kazi yetu ni kuingia kwa nyumba za watu, nyumba tano sita kwa siku.

Wiki yangu ya pili tulialikwa na mama mmoja mjane Nyalenda, majirani wote walimuita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo, na sisi tukamuita Dani. Akasoma beji zetu akacheka sana, "wazee wawili wamenitembelea leo." Tukakaa. Nikaskia akimtuma mjukuu dukani achukue maziwa na majani, aandikiwe kwa deni. Hapo ndio ningesema kitu. Nikanyamaza, niliona ni kama ni tabia mbaya kuanza kukataa kitu hujaletewa, na hilo ndilo kosa lenyewe. Chai ikaja, vile vikombe vya wageni, na mkate umepakwa blubendi. Mwenza wangu, kijana wa Utah, Marekani, akasema na tabasamu kubwa, "Samahani Dani, hatunywi chai."

Kwake ilikuwa rahisi, toka azaliwe hajawahi kuionja, ni kama wewe ukatae kula sabuni. Mimi nikaona nirekebishe mambo, nikaanza kueleza ati mwaka wa 1833 kule Kirtland, Ohio, nabii Joseph Smith alipata ufunuo tunaouita Neno la Hekima, hakuna pombe, hakuna tumbaku, na hakuna vinywaji vya moto. Dani akaniuliza, "Uji si ni moto?" Nikasema hapana Dani, maana yake ni chai na kahawa, hata ikiwa baridi. Akaangalia vikombe, akaniangalia mimi. "Kwa hivyo moto sio shida. Shida ni yangu." Akaita wajukuu wakaja wakanywa tukiangalia. Tuliomba maombi ya kumaliza, yeye macho wazi. Wiki iliyofuata tulibisha, mtoto akafungua mlango kidogo akasema, "Dani amesema hayuko."

Usiku huo sikulala vizuri. Si kwamba nilikuwa na shaka na amri yenyewe, hapana, nilikuwa nimeweka ahadi. Nilikuwa nawaza ile deni ya maziwa. Na pia sitawadanganya, ile harufu. Kuna nyumba moja Migosi mwenza akiwa anaongea na baba wa nyumba nilijipata kikombe nimekiinua kimefika mdomoni, mkono umefanya peke yake vile umefanya miaka yote. Nikakirudisha polepole kama mtu anayeweka yai chini.

Nikaanza kutafuta njia. Ya kwanza ilikuwa kuomba maji mapema, mkishakaa tu, "mama tumetoka mbali tusaidie maji ya kunywa," ndio asikumbuke mambo ya jiko. Ilifanya kazi siku nne. Ya tano mwenza wangu akaanza kuharisha, siku tatu hatukutoka nje, na mimi ndio nilikuwa nampikia uji. Kutoka hapo tulibeba maji yetu.

Lakini ni hapo kwa uji nilipata akili. Wajaluo uji wanauita nyuka, na nyumba yenye watoto saa nne asubuhi mara nyingi nyuka iko kwa sufuria tayari. Tukabadilisha saa za kutembelea watu. Zile nyumba tulikuwa tunaenda saa kumi jioni, saa ya chai kabisa, tukazisongeza asubuhi, na nikawa nauliza mwenyewe nikiwa bado mlangoni, nikicheka, "Mama, nyuka ya watoto imebaki? Nipe hata nusu kikombe." Mgeni anayeitisha hakatai, mnaelewa? Umeshakubali chakula chake, na hakuna mtu ametumwa dukani. Mwenza mwanzoni aliona ni aibu kuitisha chakula, kwao ukiitisha unaonekana hauna adabu. Nikamwambia huku ukikataa ndio hauna adabu, afadhali tuonekane walafi.

La pili, niliacha kuhubiri juu ya kikombe. Mtu akishaweka chai mbele yako si wakati wa Ohio. Nikawa nasema ukweli wangu tu, kwamba mama yangu ni mkulima wa chai, nimesomeshwa na chai, na mimi nimeiacha kwa sababu ya ahadi na Mungu, na mama bado hajanisamehe. Watu walicheka, alafu wananihurumia, alafu wanataka kujua mama alisema nini. Wengine ndio waliuliza wenyewe hiyo ahadi ni gani.

Dani tulimpata tena kama mwezi baadaye, kwa kioski ya maji, na mitungi miwili ya lita ishirini. Nikabeba mmoja, mwenza akabeba mwingine, hakusema kitu mpaka tulipofika kwake. Alafu akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia yote, karo, bonasi, vile mama alinyamaza kwa simu. Huyo mama alicheka akashika ukuta, akaketi chini. "Maskini mama yako! Amelima miaka yote hiyo akazaa adui wa chai!" Akaingia ndani, akatoka na nyuka ya wimbi na mtama imekamuliwa ndimu, kwa vile vile vikombe vya wageni. Tukanywa mpaka chini. Kutoka hapo tulikuwa tunapita kila Alhamisi, tunamchotea maji, tunapalilia kashamba kake, anatusomea Biblia kwa Kijaluo na sisi tunamsomea Kitabu cha Mormoni kwa Kiswahili. Mara moja tukapita Jumapili ya kwanza ya mwezi ambayo sisi hufunga, hatuli milo miwili, tunatoa pesa ya hicho chakula kwa wenye shida, nikajua sasa tumerudi pale pale. Lakini hiyo alielewa mara moja, hata kwao wanafunga. Akafunika sufuria.

Kama unangoja niseme alibatizwa, hapana. Alisema yeye ana kanisa lake na amezeeka, hawezi kuhamahama. Baada ya miezi sita nikahamishwa eneo lingine, akanipa karanga kwa karatasi nimpelekee mama.

Mama naye tulikuwa tunaongea kila Jumatatu. Zamani wamisionari walipiga nyumbani mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na siku ya akina mama, lakini toka Februari 2019 ni kila wiki, na nashukuru maana mwaka mzima singejua kama bado amekasirika. Nilimaliza, nikarudi nyumbani wakati wa majani mengi ya chai. Nilikuwa nimeuliza rais wa tawi, yaani kiongozi wa kanisa letu la pale, kuhusu kuchuma chai ambayo siinywi, akacheka akaniambia nenda umsaidie mama yako, kwa hivyo kesho yake saa kumi na mbili nilikuwa shambani na kikapu. Tuliporudi alikuwa amenunua mkebe wa Milo, mpya, akaufungua akanikorogea, alafu akaangalia bei pale chini ya mkebe akasema, "Hili kanisa lako lina gharama. Chai tunalima, Milo tunanunua."