Mtoto wa nusu siku na daftari langu la mahudhurio

Saa saba mchana kengele ya moto ililia. Lilikuwa zoezi tu. Nikatoka na watoto wangu wa chekechea, wameshikana mikono wawili wawili, daftari la mahudhurio kwapani. Uwanjani nikahesabu: 18. Daftari linasema 19. Nikarudia, safari hii nikigusa kila kichwa kwa kiganja. 18. Moyo ukanipasuka paa. Nilishafika mlangoni mbio pale mwenzangu aliponiita: yule binti wa nusu siku alichukuliwa na bibi yake saa sita! Asubuhi nilimwekea tiki moja, nikaiacha ihesabike kwa siku nzima.

Tangu hapo naita majina mara mbili, asubuhi na tena baada ya chakula.

Wapo wanaoniuliza, hawa hawajafika umri wa lazima wa kuanza shule, ya nini kuwaandikia mahudhurio? Huo umri wenyewe unatofautiana. Ufaransa ni miaka 3 tangu mwaka 2019. Uingereza wengi huanza darasani wakiwa na miaka 4, ila sheria humshika mtoto muhula unaofuata baada ya kutimiza 5. Kabla ya hapo mzazi akitaka humleta nusu siku, na kipindi asichotakiwa kuja huandikwa X. Herufi hiyo naipenda, maana inasema kweli. Kumwandikia "hayupo" mtoto ambaye muda wake umekwisha ni kumsingizia. Kisanduku kitupu ndicho kibaya zaidi: hujui kama mtoto hakuja au mwalimu alisahau.

Na mtoto wa miaka minne hawezi kupiga simu kusema mama amezidiwa, hakuna wa kumleta. Kwa hiyo asiyefika kwa siku yake namtafuta mimi, kabla ya saa nne. Wazazi wengine hushtuka wakisikia sauti yangu. Huwa naanza hivi: "Mama fulani, hakuna ubaya, nataka tu kujua mtoto yuko salama." Mara nyingi ni homa au usingizi. Naandika sababu hiyo hiyo niliyoambiwa.

Pembeni ya majina nimeandika tarehe za kuzaliwa kwa penseli, nijue nani anafikisha umri wa lazima na lini. Binti yule ni muhula ujao. Bibi yake amekubali abaki mpaka jioni, na ameniuliza kama alete kimto chake cha kulalia mchana. Nimemwambia akilete.